Monica Wilson

Monica Wilson (jina la kuzaliwa: Monica Hunter, Lovedale, 3 Januari 1908 – Hogsback, 26 Oktoba 1982) alikuwa mwanaanthropolojia na profesa kutoka nchini Afrika Kusini. Nchini Tanzania anajulikana hasa kwa utafiti alioufanya pamoja na mume wake, Godfrey Wilson, kati ya Wanyakyusa wanaoishi kaskazini mwa Ziwa Nyasa, katika maeneo ambayo leo ni wilaya za Rungwe na Kyela, mkoani Mbeya. Utafiti huo ulifanyika kati ya miaka 1934 na 1938.

Swali lililomshughulisha maisha yake yote lilihusu vikundi vya watu: watu wasio ndugu wa damu wanawezaje kuishi na kufanya kazi pamoja? Nani anaweka kanuni zao, nani anazilinda, na nini hutokea zinapovunjwa? Jibu la kwanza alilipata kwa Wanyakyusa, ambao vijana wao walikuwa wakihama nyumba za wazazi na kujenga kijiji chao wenyewe. Baadaye aliliuliza swali hilohilo mjini Cape Town, wakati serikali ya nchi yake ilipokuwa ikitunga sheria za kuwazuia watu wa rangi mbalimbali wasiishi, wasisome wala wasifanye kazi pamoja.

Utoto na elimu

Monica alizaliwa Lovedale, kituo cha misheni ya Wapresbiteri karibu na mji wa Alice, mashariki mwa Rasi. Baba yake, David Alexander Hunter, alikuwa mmisionari. Lovedale ilikuwa na shule iliyowaelimisha Waafrika wengi waliokuja kuwa walimu, wachungaji na viongozi, na Monica alikua akisikia Kixhosa tangu utotoni.

Alikwenda Uingereza kusoma katika Chuo cha Girton, Chuo Kikuu cha Cambridge. Alianza na historia, kisha akahamia anthropolojia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alirudi nyumbani kufanya utafiti kati ya Wapondo, watu wanaosema lahaja ya Kixhosa. Hakuishia vijijini tu, bali aliwafuata watu hao pia katika mji wa East London na katika mashamba ya Wazungu walikokuwa wakifanya kazi. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1934, na utafiti huo ulichapishwa mwaka 1936 kwa jina la Reaction to Conquest. Kwa wakati ule ilikuwa nadra kwa mwanaanthropolojia kuwaandika Waafrika kama watu wanaobadilika, wenye kazi za mshahara, makanisa na shule, badala ya kuwaonyesha kana kwamba historia haijawagusa.

Ndoa na safari ya Tanganyika

Mwaka 1935 Monica aliolewa na Godfrey Wilson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1908 kama yeye. Godfrey alikuwa mtoto wa John Dover Wilson, mtaalamu maarufu wa tamthilia za Shakespeare, na alikuwa amesomea anthropolojia jijini London chini ya Bronisław Malinowski. Malinowski aliwafundisha wanafunzi wake kukaa muda mrefu na watu wanaowachunguza, kujifunza lugha yao na kuandika yale wanayoyaona na kuyasikia kila siku.

Godfrey alikuwa ametangulia kufika Unyakyusa mwaka 1934. Monica alimfuata baada ya ndoa yao, na wakafanya kazi huko hadi mwaka 1938. Walikuwa na watoto wawili wa kiume. Mmoja wao, Francis Wilson, aliyezaliwa mwaka 1939, alikuja kuwa mwanauchumi anayejulikana kwa tafiti zake kuhusu umaskini na kazi za migodini.

Nchi ya Wanyakyusa wakati wa utafiti

Wakati huo eneo lote liliitwa Wilaya ya Rungwe na makao yake yalikuwa Tukuyu. Wilaya ya Kyela haikuwa imeanzishwa. Nchi ilikuwa na sehemu mbili zinazotofautiana. Juu ni milima yenye baridi na mvua nyingi, ambako kahawa ilikuwa imeanza kulimwa. Chini ni bonde la joto linaloshuka hadi ufukwe wa ziwa, zilipo leo kata kama Ngana, Ipinda, Ikolo na Matema, ambako mpunga ulistawi. Kote kulikuwa na migomba, na kote ng'ombe walikuwa fahari ya nyumba na msingi wa mahari. Kusini, Mto Songwe ulikuwa mpaka na Nyasaland (leo Malawi), na ng'ambo yake waliishi Wangonde, ambao lugha na desturi zao zinakaribiana sana na za Wanyakyusa. Godfrey aliandika kuhusu utawala wao katika kitabu The Constitution of Ngonde.

Wamisionari Wajerumani, Wamoravian na Walutheri wa Berlin, walikuwa wamefika mwaka 1891, hivyo wakati wa akina Wilson kulikuwa tayari na kizazi cha Wakristo waliojua kusoma na kuandika. Vijana wengi walikuwa wakienda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya.

Namna ya kufanya kazi pamoja

Utafiti wa Unyakyusa haukuwa kazi ya mtu mmoja, bali ya kikundi kidogo kilichogawana majukumu. Kwa kuwa wanaume na wanawake wa Kinyakyusa walikuwa na mikusanyiko yao mbalimbali, Godfrey alizungumza zaidi na wanaume na Monica alizungumza zaidi na wanawake. Wote wawili walijifunza Kinyakyusa na kuandika maneno ya watu katika lugha yenyewe.

Mtu wa tatu alikuwa Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyekuwa karani na mkalimani wao. Kazi yake ilizidi kutafsiri maneno. Aliandika habari mwenyewe, aliwaeleza maana ya mambo waliyoyaona, na aliwaunganisha na watu ambao wasingekubali kuzungumza na wageni. Kwa miaka mingi wasomaji wa vitabu vya akina Wilson hawakujua ukubwa wa mchango huo. Mwaka 2013 Andrew Bank na Leslie Bank walihariri kitabu kuhusu Monica Wilson na wakalimani wake, na humo nafasi ya Mwaisumo na wasaidizi wengine Waafrika ikaelezwa wazi.

Vijiji vya rika

Jambo lililowashangaza akina Wilson ni kwamba kijiji cha Wanyakyusa hakikuwa cha ukoo, kama ilivyokuwa kwa makabila mengi ya jirani. Kilikuwa cha rika, yaani watu waliozaliwa katika miaka inayokaribiana.

Mvulana alianza kuchunga ng'ombe wa baba yake akiwa na umri wa miaka sita hivi. Malishoni alikutana na wenzake wa nyumba nyingine, na huko ndiko alikopata shule yake ya kwanza ya kuishi katika kikundi. Wachungaji wadogo walikuwa na kiongozi wao waliyemtii. Walipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, waliacha kulala nyumbani kwa wazazi. Walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, na vibanda hivyo vikawa mwanzo wa kijiji kipya.

Vijana hao waliendelea kula chakula cha mama zao, lakini hawakula kila mtu kwao. Walikwenda kwa pamoja, leo nyumba hii, kesho nyumba ile, mpaka kila mama akawa amewalisha watoto wa wenzake. Waliendelea kuwapokea wadogo wao kwa miaka kadhaa. Kisha waliwakatalia wale waliokuwa wadogo mno, nao hao wakaanzisha kijiji kingine. Walipooa, waliwaleta wake zao katika kijiji hichohicho na kupata mashamba yao wenyewe. Kwa hiyo wanaume waliochunga pamoja wakiwa watoto waliweza kuzeeka wakiwa majirani.

Wilson alieleza kwamba sababu mojawapo ya mpangilio huo ilikuwa heshima kati ya vizazi. Wanyakyusa waliona ni lazima mambo ya ndoa ya wazazi yatenganishwe na ya watoto wao. Mke wa kijana alipaswa kumwepuka kabisa baba mkwe: hakutakiwa kukutana naye wala kumtazama. Kuishi katika vijiji tofauti kuliifanya kanuni hiyo iwezekane.

Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka, yaani kutoka. Hapo wazee waliwakabidhi vijana mamlaka ya nchi. Wana wa chifu, aliyeitwa malafyale, walitambuliwa kuwa watawala, na kila kijiji kilipewa mkuu wake. Wakuu wa vijiji, amafumu, hawakurithi cheo kutoka kwa baba zao. Walichaguliwa na wakuu wa kizazi kilichotangulia kutoka miongoni mwa watu wa kawaida. Kwa njia hiyo uchifu ulibaki katika ukoo mmoja, lakini uongozi wa vijiji haukumilikiwa na ukoo wowote.

Kanuni za ushirika mwema

Wilson alikipa kitabu chake cha kwanza kuhusu Wanyakyusa jina la Good Company, maana yake ushirika mwema. Kilitolewa mwaka 1951. Jina hilo lilitokana na neno la Kinyakyusa ukwangala, linalohusu kufurahia kuwa pamoja na wenzako: kula, kunywa, kuzungumza na kusaidiana bila kinyongo. Wilson alionyesha kwamba furaha hiyo haikuja yenyewe, bali ililindwa na kanuni ambazo kila mtu alizijua ingawa hazikuandikwa popote.

Kanuni ya kwanza ilihusu chakula. Wanaume wa kijiji kimoja walitarajiwa kula pamoja na kukaribishana. Mtu aliyekula peke yake, au aliyechinja bila kuwaita majirani, alionekana mchoyo na hatari. Kanuni ya pili ilihusu kazi. Watu wa rika moja walisaidiana kujenga na kulima, na kijana aliyekwenda kumlimia baba mkwe mtarajiwa alifuatana na rafiki zake. Kanuni ya tatu ilihusu heshima kwa wazazi, kwa wakwe na kwa wenzako. Mtu aliyewatukana wazazi wake au aliyegombana na wakwe hakuhesabiwa kuwa na kosa la nyumbani tu, kwa sababu kosa hilo liliwahusu majirani wote.

Kanuni ya nne, ambayo Wilson aliipa uzito mkubwa, ilikuwa kusema wazi. Wanyakyusa waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni ni hatari kuliko hasira iliyotamkwa. Kabla ya tambiko la ukoo, ndugu waliokuwa wamegombana walipaswa kutaja malalamiko yao mbele ya wote na kupatana. Tambiko lililofanywa na watu wenye kinyongo halikufaa kitu, na kula pamoja bila kusema lililo moyoni kulihesabiwa kuwa unafiki.

Mtu akivunja kanuni hizo, hakukuwa na polisi wa kumkamata. Ugomvi mwingi ulisuluhishwa kwanza na rafiki au majirani kabla ya kufika mbele ya chifu. Lakini kulikuwa na adhabu nyingine iliyoogopwa zaidi, iliyoitwa embepo sya bandu, yaani pumzi ya watu. Majirani walipokasirishwa na mwenzao walimnung'unikia, na iliaminika kwamba manung'uniko yao humwangukia kama upepo wa baridi na kumletea homa au kupooza. Dawa yake ilikuwa kukiri kosa na kuchinja ng'ombe ili majirani wale. Nao walikiri kwamba walikuwa wamekasirika, wakamtakia heri. Hivyo adhabu ilitoka kwa kikundi, na msamaha pia ulitoka kwa kikundi. Mwaka 1959 Wilson alitoa mhadhara wa heshima wa Frazer kuhusu jambo hilo, akieleza jinsi hata machifu walivyobanwa na pumzi ya watu wao.

Upande wa pili wa ushirika

Wilson hakuandika kana kwamba vijiji vya rika vilikuwa peponi. Alieleza kwamba kanuni zilezile zilizowaunganisha watu zilizaa hofu. Wanyakyusa waliamini kwamba mchawi ana chatu tumboni, na kwamba chatu huyo anatamani nyama na maziwa ya watu. Aliyeshukiwa kwa kawaida alikuwa jirani. Kila kijiji kiliaminiwa kuwa na walinzi, abamanga, waliowaona wachawi katika ndoto na kupambana nao usiku. Tatizo lilikuwa kwamba nguvu ya mlinzi na nguvu ya mchawi zilidhaniwa kuwa za aina moja. Kilichozitofautisha ni kama zilitumika kwa haki na kwa kibali cha jamii, au kwa uchoyo wa mtu mmoja.

Katika makala aliyoichapisha mwaka 1951 Wilson alilinganisha imani hizo na za Wapondo. Wapondo, wanaoishi na watu wa ukoo wao, waliogopa zaidi viumbe vya kichawi vinavyohusiana na tamaa za mwili. Wanyakyusa, wanaoishi na watu wasio ndugu na kula nao kila siku, waliogopa zaidi uroho wa chakula. Alihitimisha kwamba ndoto mbaya za jamii huonyesha mahali ambapo kanuni zake zinabana. Makala hiyo ilisomwa sana katika vyuo vikuu vya nchi nyingi.

Mtu aliyeshtakiwa uchawi zamani alipewa mwavi. Baada ya serikali ya kikoloni kuupiga marufuku, aliweza kufukuzwa au kuhama mwenyewe na kutafuta kijiji kingine. Kuhama kulikuwa jambo la kawaida, nako kulimpa mtu njia ya kutoka pale ushirika ulipoharibika.

Mabadiliko

Akina Wilson waliona pia kwamba mpangilio huo ulikuwa ukibadilika. Kijana aliyerudi kutoka Lupa na fedha aliweza kujitafutia ng'ombe wa mahari bila kumsubiri baba yake, na hivyo utii uliopatikana kwa kusubiri ukapungua. Wakristo walikuwa na vikundi vyao na kanuni zao, hasa kuhusu ndoa ya mke mmoja.

Monica alirudi Unyakyusa mwaka 1955 na kukuta ardhi imekuwa haba. Aliyepanda kahawa, zao linalokaa shambani miaka mingi, hakutaka tena kuhama na kuliacha shamba lake kwa kizazi kingine. Kijiji cha rika kilitegemea ardhi inayogawiwa upya, na ardhi ilipoanza kumilikiwa na mtu na watoto wake, msingi wa kijiji hicho ulidhoofika. Aliyaeleza mabadiliko ya karibu miaka mia moja, kuanzia 1875 hadi 1971, katika kitabu For Men and Elders kilichotoka mwaka 1977. Kabla ya hapo alikuwa ametoa vitabu viwili kuhusu matambiko ya Wanyakyusa, kimoja mwaka 1957 kuhusu matambiko ya ukoo na kingine mwaka 1959 kuhusu matambiko ya jamii nzima.

Kifo cha Godfrey

Mwaka 1938 Godfrey aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone huko Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Alichunguza maisha ya wafanyakazi Waafrika katika mji wa migodi wa Broken Hill (leo Kabwe). Wakubwa wa migodi hawakupendezwa na Mzungu aliyekaa na kuzungumza na wafanyakazi kama watu wa hadhi sawa naye. Pia Godfrey alipinga vita kwa dhamiri. Mwaka 1941 alijiuzulu, kisha akajiunga na kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Kusini. Alisumbuliwa na sonona, na mwaka 1944 alijiua.

Monica alibaki mjane mwenye umri wa miaka 36, na watoto wawili wadogo na rundo la madaftari ya utafiti wa pamoja ambao ulikuwa haujaandikwa vitabu. Kitabu walichokiandika wote wawili, The Analysis of Social Change, kilitoka mwaka 1945. Humo walieleza kwamba jamii inapopanuka, na watu kuanza kutegemeana na watu wa mbali zaidi, kanuni zao nazo lazima zipanuke, la sivyo migongano haikwepeki. Vitabu vya Wanyakyusa alivikamilisha peke yake kwa zaidi ya miaka thelathini, akitumia madaftari yake pamoja na ya mume wake na kuutaja mchango wake.

Kazi ya ualimu na utafiti wa Langa

Kuanzia mwaka 1944 Monica Wilson alifundisha Fort Hare, chuo cha Waafrika kilichokuwa jirani na mahali alipozaliwa. Mwaka 1947 alikuwa profesa katika chuo cha Rhodes, Grahamstown, na kuanzia mwaka 1952 hadi 1973 alikuwa profesa wa anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1952 alipewa Medali ya Rivers kwa kazi zake za utafiti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alishirikiana na mwanafunzi wake Archie Mafeje, Mxhosa aliyezaliwa mwaka 1936, kuchunguza Langa, kitongoji cha Waafrika nje ya Cape Town. Mafeje ndiye aliyeingia kitongojini na kuzungumza na watu. Kitabu chao kuhusu vikundi vya jamii vya Langa kilitoka mwaka 1963 kikiwa na majina ya wote wawili, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa profesa Mzungu na mwanafunzi Mwafrika katika nchi hiyo.

Swali la kitabu hicho lilifanana na lile la Unyakyusa. Wanaume waliotoka kijiji kimoja walikaa pamoja katika mabweni ya wafanyakazi, wakapika pamoja na kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba. Wengine walijiunga na makanisa na vilabu vya michezo. Waandishi walichunguza kwa nini baadhi ya vikundi hivyo vilidumu na vingine viligawanyika, na jinsi watu wa mjini walivyotunga kanuni mpya pale ambapo za kijijini hazikutosha.

Suala la Mafeje

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimteua Mafeje kuwa mhadhiri mwandamizi wa anthropolojia. Wilson aliuunga mkono uteuzi huo. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilikishinikiza chuo, na baraza la chuo likaufuta uteuzi. Mwezi Agosti wanafunzi mamia kadhaa walikalia jengo la utawala kwa siku tisa wakidai uteuzi urudishwe, lakini haukurudishwa.

Mafeje hakupata kufundisha katika chuo alichosoma. Mwaka 1969 alikuja Tanzania, akaongoza idara ya sosholojia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam hadi mwaka 1971. Tukio hilo lilionyesha kwamba kikundi cha wasomi kinaweza kuwa na kanuni nzuri za kuchagua watu kwa uwezo wao na bado kikashindwa kuzilinda siku kanuni hizo zinapojaribiwa.

Historia ya Afrika Kusini

Pamoja na mwanahistoria Leonard Thompson, Wilson alihariri historia kubwa ya Afrika Kusini iliyochapishwa na Oxford kwa juzuu mbili, mwaka 1969 na 1971. Katika juzuu ya kwanza alionyesha kwamba wakulima na wafugaji Waafrika walikuwa wakiishi katika nchi hiyo kwa karne nyingi. Jambo hilo lilipinga madai kwamba Wazungu waliikuta nchi tupu.

Juzuu ya pili ilikuwa na sura ya Leo Kuper kuhusu harakati za uzalendo wa Waafrika. Kwa kuwa sheria ilikataza kunukuu maneno ya watu waliopigwa marufuku, toleo lililouzwa Afrika Kusini lilitoka bila sura hiyo, na mahali pake pakaachwa kurasa tupu. Msomaji aliyefungua kitabu aliona mwenyewe ni kiasi gani cha historia kilichokatazwa kusomwa.

Ukosoaji

Kazi ya Wilson imekosolewa kwa njia kadhaa. Baadhi ya watafiti waliomfuata walisema kwamba aliuchora mpangilio wa vijiji vya rika kama kanuni kamili, wakati huenda maisha yenyewe yalikuwa na tofauti nyingi kutoka eneo moja hadi jingine. Wengine walisema kwamba vitabu vyake vya kwanza vinaonyesha zaidi umoja na utulivu, na havisemi vya kutosha kuhusu utawala wa kikoloni uliowazunguka watu hao.

Jambo jingine ni nafasi ya wanawake. Ushirika wa rika ulikuwa wa wanaume. Msichana aliolewa na mwanaume aliyemzidi umri kwa miaka mingi na kuhamia katika kijiji cha mumewe, ambacho kanuni zake hakuzitunga. Chakula kilichowaunganisha wanaume kilipikwa na wanawake. Wilson mwenyewe alilijua hilo, na katika kitabu chake cha mwisho kuhusu Wanyakyusa aliuchunguza uhusiano wa wanaume na wanawake pamoja na ule wa vizazi.

Mafeje naye, katika makala ya mwaka 1971, aliikosoa dhana yenyewe ya ukabila iliyotumiwa na wanaanthropolojia, akisema inaficha tofauti za masilahi na madaraka kati ya Waafrika wenyewe.

Miaka ya mwisho na urithi

Wilson alistaafu mwaka 1973 na kuishi Hogsback, katika milima iliyo karibu na Lovedale. Aliendelea kuandika hadi uzeeni. Alifariki huko tarehe 26 Oktoba 1982, miaka kumi na miwili kabla ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote nchini mwake.

Vijiji vya rika havipo tena kama alivyovieleza. Leo mtu wa Ngana au Ipinda anaishi katika kijiji chenye wazee, vijana na watoto pamoja, chini ya serikali ya kijiji. Hata hivyo vitabu vyake vimebaki kuwa kumbukumbu pana ya maisha ya Wanyakyusa wa kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na vinatumiwa na wanafunzi wa historia, sheria, dini na sosholojia.

Mambo aliyoyaeleza yanatambulika pia katika vikundi vya siku hizi, kama vile vikoba, vyama vya ushirika vya wakulima wa kakao na mpunga, kwaya na vikundi vya kusaidiana katika misiba. Vikundi hivyo navyo huanza kwa kukubaliana zamu, michango, namna ya kumpata kiongozi na adhabu ya anayekiuka. Kutokana na utafiti wa Wilson inaonekana kwamba kanuni za kikundi hudumu pale ambapo wanachama wamekua nazo au wamezikubali wenyewe, pale ambapo malalamiko yanasemwa wazi kabla hayajageuka kinyongo, na pale ambapo aliyekosa ana njia inayojulikana ya kurudi kwa wenzake.